Kutoka Volti 30 Hadi 3

Nilipoingia kwenye kazi ya vifaa vya kupimia, katikati ya miaka ya 1980, saketi ya kihisi ililishwa umeme kama mgeni wa harusini: volti 15 juu ya sifuri, volti 15 nyingine chini yake. Transfoma peke yake ilijaza nusu ya boksi. Zikafuata dayodi nne na kapasita mbili nene, ndipo ukaifikia chipu yenyewe, kikuzaji cha 741. Dave Fullagar aliisanifu pale Fairchild, Marekani, ikatoka mwaka 1968, na mafundi wa rika langu tuliijua miguu yake minane tukiwa tumefumba macho.

741 ilikula miliampia 1.7 hata ikiwa imekaa bure. Hakuna aliyejali, maana umeme ulitoka ukutani. Tulichokijali ni ofseti. Unganisha miguu yake miwili ya kuingizia, mahali ambapo inapaswa kuona sifuri, nayo inaona milivolti 1, pengine hata 5. Sasa, thermokapo ya aina ya K, kihisi cha joto, hutoa maikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Milivolti 1 tu ya uongo ni kosa la nyuzi 24. Dawa yetu ilikuwa trima, rezista ndogo ya kuzungushwa. Unashika bisibisi ndogo ya sonara, unazungusha kidogo kidogo hadi mita isome sifuri, halafu unadondoshea tone la rangi ya kucha ili isisogee. Kila karakana ilikuwa na chupa yake ya rangi nyekundu, na mgeni asiyejua alishangaa inafanya nini kwenye meza ya wanaume pekee. Joto likibadilika, sifuri inahama. Unabandua rangi, unaanza upya.

Kisha vifaa vikaanza kutakiwa mahali pasipo na nguzo ya umeme: kisimani, ghalani, ndani ya friji ya chanjo kwenye zahanati. Volti 30 zikawa 5, zikawa 3. Wengi walidhani ni suala la kubadilisha chipu tu. Kumbe chipu za zamani zilipoteza volti moja au mbili kila upande kabla hazijafanya lolote. Ukiwa na 30 huoni hasara hiyo. Ukiwa na 3, umebaki mikono mitupu. Bob Widlar, msanifu wa chipu, alikuwa ameliona jambo hili mapema mno. LM10 yake, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ilifanya kazi kwa volti 1.1. Sisi tuliijua kwa karatasi zilizotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia, na kwa maoni yangu hakuna aliyeifikia kwa ujasiri kwa miaka mingi baadaye.

Mizani ndiyo iliyonifundisha uzito wa badiliko lenyewe. Lodiseli ya kawaida, yaani kihisi cha uzito ndani ya mizani, hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukiilisha volti 10 unapata milivolti 20. Ukiilisha 3 unapata 6. Tuchukulie ni ya kilo 30 na mizani isome hatua za gramu 10: hizo ni hatua 3,000, kila moja maikrovolti 2. Na maikrovolti 2 haziko mbali. Shaba ikikutana na risasi ya kulehemu, upande mmoja ukawa na joto kuzidi mwingine kwa nyuzi moja, unazipata bure. Pumulia bodi isiyofunikwa uone namba zinavyocheza. Ishara ilipungua pamoja na volti, kelele haikupungua.

Trima isingeweza kuokoa hali hiyo. Kilichookoa ni vikuzaji vinavyojisahihisha, ambavyo hubadilishana njia za kuingilia mara maelfu kwa sekunde, ofseti ikajifuta yenyewe. OPA333 ni mfano mzuri: inaanzia volti 1.8, ofseti yake haizidi maikrovolti 10, na inakula maikroampia 17. Hiyo ni sehemu moja ya mia ya 741. Rangi ya kucha ikarudi kwa wenyewe.

Hapo tukaanza kuhesabu muda. Lodiseli ya omu 350 kwenye volti 3 huvuta miliampia 8.6 bila kukoma. Betri mbili za AA zingekwisha ndani ya wiki mbili. Basi unaiwasha milisekunde 10 katika kila sekunde, unapima, unazima. Wastani unashuka hadi maikroampia 86. Lakini ukipima kabla umeme haujatulia kwenye kapasita, unapima upuuzi. Na ukitaka kelele ipungue nusu, chukua vipimo vinne badala ya kimoja, yaani uache lodiseli ikiwaka kwa muda mara nne. Kazi yote ya siku hizi iko kwenye mvutano huo.

Kwenye friji ya chanjo, ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ubahili wa umeme ulitusaidia. Kihisi kinachopitisha umeme mwingi hujipasha moto chenyewe na kudanganya; ukikipa kidogo, tena kwa muda mfupi, kinasema kweli. Betri ndogo ya CR2032 ina takribani miliampia-saa 220, kwa hiyo anayetaka mwaka mzima ana maikroampia 25 za kutumia, si zaidi. Tena ukitumia volti ileile kukilisha kihisi na kama kipimo cha kulinganishia, betri inaweza kuchoka na jibu lisibadilike.

Ubahili una adui wake, na sisi wa pwani tunaishi naye. Ili kubana umeme unaweka rezista za megaomu 10. Masika yakija Tanga, unyevu na chumvi vikitanda juu ya mabaki ya dawa ya kulehemu, panatokea njia ya pembeni. Ikiwa njia hiyo ni megaomu 100, tayari rezista yako imepotoka kwa asilimia 9. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi. Hapa kwetu bodi inaoshwa kwa spiriti, inakaushwa vizuri, inapakwa vanishi, halafu ndipo unazungumzia usahihi.

Vijana wananiletea chipu za biti 24 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Biti 24 ni ngazi zaidi ya milioni 16, na kwenye volti 3 kila ngazi ni maikrovolti 0.18. Biti kadhaa za mwisho huwa zimezama kwenye kelele. Kabla hujalipa, fungua jedwali la kelele kwenye karatasi ya chipu, tafuta mstari wa volti na kasi unayoitumia wewe, kisha hesabu biti zinazobaki.