Maumivu Mawili, Mdomo Mmoja

Mwika, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani ukungu haujatoka migombani tangu juma lililopita.

Juzi uliponipigia simu nilikuuliza mguu unaendeleaje, ukajibu, "Sijambo, shangazi." Nikauliza kama unalala usiku, ukasema hujambo. Nikauliza ngazi za hapo unapokaa unazipandaje, ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Napanda." Baba, nimekuwa muuguzi miaka 31. Anayesema "napanda" kwa sauti ile anapanda ameshika ukuta. Ndipo ukanieleza kwamba daktari wa mifupa pale hospitali ya MOI ameitazama picha, akaona kichwa cha mfupa wa paja kimekufa na kubonyea, na ameshauri ubadilishiwe nyonga. Una miaka 26. Tulipoagana nilikaa barazani mpaka giza likaingia.

Nimeona nikuandikie, maana simu ikikatika maneno yamekwenda, lakini barua utaibeba wodini na kumpa atakayekuuguza aisome.

Kwanza nikutolee neno moja moyoni. Mama yako alipoolewa hapa akitokea Ukerewe, nawe ukaanza kuvimba vidole ukiwa na miezi minane, walikuwepo waliosema ametuletea ugonjwa wa Ziwani. Najua yalikufikia. Si kweli. Selimundu haiji kwa mzazi mmoja. Ni lazima mtoto airithi pande zote mbili. Mama yangu, bibi yako, alikuwa mtu wa Pangani. Babu yako alimpata huko alipokuwa karani wa shamba la mkonge. Mimi nilipimwa nikiwa kazini, ikaonekana nimebeba nusu. Baba yako hajakubali kupimwa hadi leo, lakini wewe ndiye kipimo chake.

Hata hivyo, wazee wa hapa waliposema huu si ugonjwa wa mlimani, hawakutunga. Mtafiti mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alianza mwaka 1949 kuzunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria alikuta wanaobeba nusu ni wengi, mahali pengine zaidi ya mmoja katika kila watano. Kwenye nyanda za juu zilizo katikati walikuwa wachache mno. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: mwenye nusu ana kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo penye malaria nyingi ndipo damu hiyo ilipodumu kizazi hadi kizazi. Huku kwetu kwenye baridi mbu alikuwa haba. Lakini watu husafiri, hufanya kazi, huoana. Leo inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na wako kila mkoa. Usiende kwenye kitanda cha upasuaji ukiwa umebeba lawama ya mtu.

Sasa nyonga. Unakumbuka ulipokwaruzwa na waya kwenye kifundo cha mguu, ulipokuwa darasa la saba? Jeraha kama lile kwa binamu yako lilipona kwa wiki mbili. Lako lilikaa miezi 11, tukilisafisha kila siku, likifumba na kufumuka. Ulikuwa unaniuliza kama ni uchafu, nami nikikujibu si uchafu. Chembe zako za damu zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu na kuwa ngumu, zikafika kwenye mishipa myembamba zikanasa. Fikiria mfongo wetu ule, mfereji wa maji unaoshuka kutoka juu. Majani na matope yakijazana njiani, wa juu atapata maji, wa kati atapata kidogo, na kihamba cha mwisho, shamba la chini kabisa, kitakauka. Kifundo cha mguu ni kihamba cha mwisho. Na kichwa cha mfupa wa paja nacho kinalishwa na mishipa michache, myembamba, isiyo na njia ya kuzunguka. Kilichochelewesha kidonda chako ndicho kilichoua mfupa wako. Hukufanya kosa lolote, wala si zile ngazi.

Kwa maoni yangu, fanyiwa. Umevumilia miaka miwili, na mfupa uliokufa ukabonyea haufufuki kwa dawa wala kwa kukandwa. Usikubali mtu akukande hapo kwa mafuta wala majani ya moto, hata awe mkubwa wangu. Lakini uende ukijua ukweli wote. Nyonga bandia kwa watu wenye damu yako hulegea na kupata maambukizi mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine, na kwa kuwa u kijana, huenda siku moja itabidi ibadilishwe tena. Tena nyonga mpya haina selimundu, lakini mwili utakaoibeba unayo. Kliniki yako utaendelea nayo, na ile dawa ya haidroksiurea usiiache wala kuipunguza kwa uamuzi wako. Waambie unaitumia, wao ndio waseme.

Hili linalofuata ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Zamani, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpokea wodini binti mwenye selimundu aliyetoka kupasuliwa mawe ya kifuko cha nyongo. Saa nane za usiku aliniita akasema mgongo na kifua vinamuuma. Nikamwambia kila aliyepasuliwa huumwa, avumilie hadi asubuhi. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alinyamaza. Kulipokucha alikuwa anahema haraka haraka na midomo imebadilika rangi; selimundu ilikuwa imeshika mapafu. Aliwekwa oksijeni, akaongezewa damu, akalala siku tisa zaidi, akapona. Mimi sijaipona ile "vumilia." Sikuwa mkatili, baba. Nilisikia maumivu moja mahali palipokuwa na mawili.

Nawe utakuwa na mawili. Kuna maumivu ya kidonda cha upasuaji, ambayo hujawahi kuyajua. Hayo yana mahali pake, penye mshono. Ukijigeuza yanachoma, ukitulia yanapungua, na kila siku yanashuka kidogo. Na kuna yale yako ya tangu utotoni, yanayotoka ndani ya mfupa, yakahama kutoka mgongoni kwenda mikononi hadi kifuani, yasiyojali umelalaje. Upasuaji wenyewe unaweza kuyaamsha: kufunga kula na kunywa, baridi ya chumba cha upasuaji, damu iliyopotea, kulala bila kujigeuza. Daktari anaweza kuiona picha ya nyonga na kipimo cha damu. Kuyatenganisha maumivu mawili hakuna mashine inayoweza. Ni wewe peke yako.

Kwa hiyo usiseme tu "naumwa." Sema, "Hili ni la kidonda," au, "Hili ni la selimundu, limeanzia mgongoni saa moja iliyopita." Wakikuuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, taja namba ya kweli. Nakufahamu: ukiwa kwenye 8 unachezea simu na kumtania wa kitanda cha pili, kwa sababu umezoea. Muuguzi asiyekujua ataona kijana anacheka, atapita. Mweleze mapema, kabla hata hujapasuliwa, kwamba wewe uso wako hausemi, wausikilize mdomo wako. Na kifua kikikubana, au homa ikipanda, au pumzi ikawa fupi, mwite mtu papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama uliitwa msumbufu jioni. Asiposikia, piga kelele. Ninyi wenye ugonjwa huu mnajiita mashujaa wa selimundu, na jina hilo mmelistahili. Huku mlimani tulikulea tukikuambia mtoto wa kiume halii, nami nilikuwa mmoja wa waliokuambia. Naliondoa neno hilo leo.

Kuhusu mofini. Utasikia mjomba au jirani akisema ni dawa ya kulevya, ukianza hutaacha. Mofini inayotolewa kwa kipimo, kwa maumivu ya kweli, na kupunguzwa kadiri kidonda kinavyotulia, ni matibabu. Wenzetu Uganda, tangu Dakta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wamewapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Asiyeumwa sana anahema vizuri, anakohoa, anainuka kitandani. Anayejikaza hulala kama gogo, hahemi hadi chini, na mapafu ndipo yanapoharibika. Ninachokiogopa mimi ni hizi diklofenaki unazonunua duka la dawa bila cheti. Figo za mwenye selimundu zimeshachoka tayari. Kama umekuwa ukizimeza kwa ajili ya nyonga, na naamini umekuwa, mwambie daktari ni ngapi kwa siku na kwa muda gani.

Daktari wa usingizi umwone siku kadhaa kabla, si asubuhi ya upasuaji. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo, "Nina selimundu," hata kama imeandikwa kwenye faili. Damu yako ya kila siku ni 7 na kitu. Mara nyingi huongezwa ikaribie 10 kabla ya upasuaji mkubwa kama huu, wala haipandishwi mno, maana damu nzito nayo hukwama. Ndugu walioko Dar es Salaam nimeshawaambia waende kituo cha Damu Salama wachangie. Mimi siji kuchangia kwa ajili yako. Damu inayobeba nusu haifai kupewa mwenye selimundu, na jambo hilo liulizie hata kwa chupa zitakazoletwa. Uliza pia dripu itaanza lini, kwa sababu kukaa na kiu usiku kucha si jambo la kwako. Omba blanketi. Ukizinduka, vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa uliyo macho, na mtaalamu wa mazoezi akija na magongo kesho yake, inuka naye.

Sasa nitasema la kukuumiza. Usije Krismasi hii.

Najua maana yake. Desemba barabara ya kutoka Himo inajaa magari ya watoto wanaorudi, na kihamba kisicho na mtu wake majirani wanakijua. Lakini huenda utakuwa na wiki chache tu tangu upasuliwe. Njia ya kushuka kwetu kutoka barabarani ni utelezi, na bodaboda hutapanda. Kwa miezi mitatu hivi ya kwanza wanakataza kukunja nyonga kupita kiasi: hutachuchumaa, hutakalia kigoda, hutapandanisha miguu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Fundi nimeshampata, atajenga cha kukalia, kirefu, na chuma cha kushikia ukutani, lakini simenti ya juu tumekubaliana baada ya mavuno. Na baridi ya Juni na Julai nayo usije. Unaijua ilivyokuwa ikikulaza kila mwaka shuleni. Njoo Septemba, kukiwa kumepata joto, mguu umekubali. Mtori haupotei. Nimemfundisha mkeo kwenye simu namna ya kuupika, na ndizi mbichi nitazituma kwa basi.

Habari za Dodoma ulizoniuliza ni kweli: Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Ni jambo kubwa na nimelifurahia hadi machozi. Kwako wewe, kwa umri wako na mifupa yako ilivyo, ulizia kliniki bila haraka, na usiahirishe nyonga ukilisubiri.

Kidonda chako kitachelewa kupona. Jiandae hivyo tangu sasa, na mwajiri wako umwombe likizo kwa hesabu ya mwili wako. Watakuonyesha mzee wa miaka 70 aliyefanyiwa siku moja na wewe, anatembea bila gongo. Mpongeze. Mwenzako hana mfongo ulioziba. Wewe tazama mshono: ukiwa mkavu, haunuki, hauvimbi, unaendelea vizuri hata kama ni wiki ya nane. Ukitoa maji au ukawa wa moto, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Baba yako hajui nimekuandikia haya. Nilipomwambia habari ya nyonga, alitoka akaenda kukatia ng'ombe majani, akarudi jioni na kuniuliza kipimo cha damu kinafanyika wapi. Nimemwambia tutakwenda pamoja hospitali ya KCMC.

Ukipewa tarehe ya kulazwa nijulishe siku hiyo hiyo. Nitashuka na basi la alfajiri, nami nitakaa kando ya kitanda chako usiku ule wa kwanza. Ikifika saa nane ukiumwa, niambie ni lipi.

Ni mimi shangazi yako.