Sema bosi, tujue moja

Jamani, kutojua kunachosha kuliko kazi yenyewe. Msimu uliopita wa kaskazi nilikuwa Paje, Unguja, nikifundisha wageni kaiti, yaani kuteleza baharini kwa ubao unaovutwa na tiara. Machi upepo ukalegea, wanafunzi wakapungua, bosi kimya. Sisi walimu sita tukabaki na tetesi tu: eti kusi ikianza Juni hatuitwi. Siku moja, mawazo yakiwa mbali, nikasahau kukagua kamba za mwanafunzi. Alinusurika chupuchupu. Jioni ile bosi akatuita, akafunguka: masika tunafunga, Juni watarudi wanne. Mimi simo! Lakini amini usiamini, wiki mbili zilizobaki nilipiga kazi kwa moyo mmoja. Mabosi, habari mbaya tutaimeza. Ukimya ndio unaotukaba koo.