Silva, shaba au nyeusi?

Nimeadimika kidogo kwa sababu bimkubwa kaamua kumalizia nyumba yake hapa Shangani, Mtwara, na kamati ya madirisha ni mimi peke yangu. Hela ni ya korosho, msimu mzima umeingia humo, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Madirisha manane ya alumini, na bahari ipo hapo chini tu.

Ukifika kwa fundi anakutolea vipande: silva, shaba, dhahabu iliyofifia, nyeusi. Wengi wanachagua kama wanachagua kitenge. Kumbe rangi ndiyo ya mwisho kuuliza. Cha kwanza ni kilichofanyika juu ya hicho chuma.

Kuna alumini tupu, kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ni sawa na sufuria, isipokuwa sufuria unaisugua kwa stili waya kila siku, na dirisha nani atalisugua? Upepo wa kusi ukilipulizia chumvi miaka michache, linatoka vidoa na unga mweupe. Kuna iliyopakwa rangi ya unga na kuokwa kwenye tanuri. Halafu kuna ya anodaizi: alumini inazamishwa kwenye tindikali ya salfa, umeme unapitishwa, na uso wa alumini yenyewe unageuka gamba gumu lenye vitundu vidogo mno. Rangi inaingia kwenye vitundu hivyo, kisha vinazibwa, mara nyingi kwa maji ya moto. Kwa sababu gamba limeota kwenye alumini yenyewe, halibanduki kama rangi ya kupaka, na mng'ao wa madini bado unauona. Mimi napenda hilo. Rangi ya unga ni nzuri, lakini kwa macho yangu inafanana na plastiki.

Unene ndio habari. Ndani ya nyumba maikroni 10 zinatosha. Pwani kama hapa unatafuta 20 hadi 25. Unywele wa mtu una kama 70, muone tunavyobishania vitu vidogo.

Sasa fundi wa kwanza (simtaji) alikuwa na silva mbili, bei moja. "Kaka, silva ni silva," akaniambia. Nikaazima tesita ya fundi umeme wa jirani, ile inayolia ukigusisha ncha zake mbili. Gamba la anodaizi halipitishi umeme. Ukigusisha taratibu bila kukwaruza, alumini tupu inalia, ya anodaizi inanyamaza. Kipande kimoja kikalia kama mtoto. Fundi akacheka, akasema wewe mwandishi una maneno. Tukahamia kwa mwingine.

Bimkubwa alitaka dhahabu. Nikamweleza kuwa baadhi ya rangi hizo za kuchovya hupauka juani, lakini shaba na nyeusi nyingi hutiwa kwa chumvi za bati na umeme, na hizo zinavumilia. Nikampigia debe nyeusi. Akaniangalia. "Mwanangu, nyumba nitalala mimi. Wewe utakuja Idi na kuondoka." Akachukua shaba, eti inafanana na mninga wa madirisha ya baba yake kule Mikindani. Na kweli, nyeusi kwa jua hili ingekuwa kikaango.

Nilichosisitiza mimi ni kwamba yote manane yakatwe kwenye mzigo mmoja, maana shaba ya mzigo huu na ya mzigo ujao hupishana kidogo, na ukutani inaonekana.

Kilichobaki ni saruji. Saruji mbichi inalila gamba hilo na kuacha doa lisilofutika, ndiyo maana fremu zinakuja na nailoni, isibanduliwe hadi plasta iishe. Jana nimekuta fundi plasta kashabandua mbili "ili aone rangi". Nimezifunga upya kwa nailoni na gundi ya karatasi, na leo mchana narudi kumsimamia.