Dunia mmeiwekea siku ngapi?

Msomaji wangu, kama umewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani hapa mjini, basi neno "njoo kesho" unalijua kuliko namba yako ya simu. Ukienda hiyo kesho unaambiwa limebaki pindo tu. Keshokutwa kimebaki kifungo. Siku ya harusi yenyewe unamkuta fundi ndiyo kwanza anatafuta futi kamba, na wewe umeshatoa mchango, umeshanunua viatu na umeshamtangazia kila mtu utavaa nini. Unaondoka pale umenuna, unaapa kwamba mafundi wote ni waongo.

Mimi niko upande wa pili wa hiyo meza. Nashika daftari kwenye kijiwe cha mafundi Kariakoo, uchochoroni, si mbali na Mtaa wa Kongo. Napokea oda, napima watu, na nafasi ikipatikana nashona vifungo na kupiga pasi. Kwa hiyo leo niacheni niwatetee wenzangu kidogo. Fundi akikwambia kesho, mara nyingi hakudanganyi kwa makusudi. Kesho anayoiona yeye kichwani ni ya aina moja tu: umeme upo, sindano haikatiki, hakuna msiba, mtoto haumwi, mvua hainyeshi na yeye mwenyewe ameamka hana hata mafua. Kesho ya namna hiyo, bwana, mimi nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, na sijaiona.

Pale kijiweni tunaye mzee mmoja, mkataji wetu, ambaye haamini kesho hiyo hata umlipe. Oda kubwa ikija huniambia nichore mistari kwenye daftari nipate vyumba vitatu. Chumba cha kwanza siku za kazi. Cha pili sikukuu. Cha tatu ananiambia niandike "dunia". Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Nikamuuliza, "Mzee, dunia ndiyo nini?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Dunia ni dunia. Ikija utaijua."

Sasa nikupeleke Desemba ya mwaka 2023. Sisi watu wa sare Desemba ndiyo mavuno yetu, maana Januari shule zinafunguliwa. Tangu mwaka 2016 serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na mzazi wa mjini ananunua dakika ya mwisho. Akaja mama mmoja mwenye duka, anataka pea 350 za shule ya msingi, yaani shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu. Vitambaa anatoa yeye. Anazitaka zote kabla ya mwaka mpya.

Mtakumbuka kipindi kile tulikuwa kwenye mgao. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ulianza kutoa umeme Februari 2024, na kwa sare za Januari hiyo ni sawa na kuletewa mwavuli mvua imekwisha. Mzee wetu alishapita kwenye mgao wa 2006 na ule wa 2011, kwa hiyo hakushtuka. Alichofanya ni kuniambia nifungue daftari.

Tukahesabu. Kuanzia Jumatatu tarehe 4 mpaka Jumamosi tarehe 30, ukitoa Jumapili, Krismasi na siku inayofuata, zinabaki siku 22. Tarehe 9, siku ya Uhuru, tukakubaliana tunapiga kazi. Umeme ukiwepo, watu wetu watano wanatoa pea 14 kwa siku. Usipokuwepo tunarudi kwenye cherehani moja ya kukanyaga na pasi ya mkaa, zinatoka tano. Mzee akasema, "Weka siku mbili za umeme, moja ya giza." Kumi na nne, kumi na nne na tano ni 33, gawa kwa tatu unapata 11 kwa siku. Zidisha kwa 22 zinakuwa 242. Mimi kalamu tayari iko juu niandike 242, mzee akanizuia. "Toa siku nne za dunia kwanza." Zikabaki siku 18. Mara 11 ni 198.

"Mama," mzee akamwambia mwenye duka, "sisi tunakuchukulia mia mbili. Hizo mbili za juu nitajua mwenyewe."

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Tulikuwa na dogo mmoja, mshonaji wa mashati, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wote pale. Akasimama. "Mzee wangu, kwa heshima zote, mtu anatuletea pea 350 mkononi, sisi tunamrudishia 150? Huu si umasikini wa kujitakia?" Mwenye duka naye wala hakubembeleza. Zilizobaki akazihamishia kijiwe cha pili, mlango wa tatu kutoka kwetu, ambao wao walikuwa wanapokea kila kitu, hata kiwe cha nani. Mzee akamwambia dogo, "Mwanangu, mimi sikukatazi hela. Nakuuliza tu, siku mtoto wa mwenzako akilazwa, hizo pea atashona nani?" Dogo akasema hakuna mtoto aliyelazwa. Na kweli siku hiyo hakuwepo.

Tarehe 6 dogo akahamia mlango wa tatu. Kwa hiyo dunia yetu ya kwanza ilikuwa yeye mwenyewe. Mpaka tumempata mama mmoja wa Buguruni anayeshonea nyumbani, na mpaka ameizoea mashine, daftari lilisoma siku moja na nusu zimeliwa.

Wiki ya tatu, saa kumi alfajiri, simu yangu ikaingia ujumbe. Ulitoka kwa dada wetu wa ovaloki. "Mtoto kashikwa tena. Tuko hospitali." Mwanawe ana selimundu. Anayeujua ugonjwa huo ananielewa: mtoto jioni anacheza na wenzake, usiku analia viungo vinamuuma mpaka hataki kuguswa, homa juu, unatafuta usafiri gizani huku umembeba. Nilimwonyesha mzee ule ujumbe asubuhi. Alivaa miwani, akausoma mara mbili, halafu akasema, "Mwambie asipige simu kuulizia sare."

Dada yule alikaa siku tano. Mimi nikakalia ovaloki, mzee mwenyewe akashika vifungo na pasi, na hasara ukiijumlisha ilikuwa kama siku mbili kamili. Aliporudi, macho mekundu, hakuvua hata mtandio, akaniuliza nimfungulie daftari. "Nawadai au mnanidai? Natakiwa kufidia pea ngapi?" Kabla sijajibu, mzee akasema, "Hudaiwi, mwanangu. Zilikuwemo."

Yule dada alikaa kwenye kiti chake akainamia mashine muda mrefu bila kuiwasha. Wote tukajifanya tuna shughuli.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Zilikuwemo. Hakuambiwa "tumekusamehe", wala "tumekubeba", wala ile ya maofisini ya "tunaelewa changamoto zako" inayosemwa huku mtu anaangalia saa. Shida yake ilikuwa imeandikwa kwenye hesabu kabla haijatokea, ikapewa siku zake kama Krismasi ilivyopewa. Hakuna aliyemfanyia hisani, na kwa hiyo hakuna atakayemkumbusha mwezi wa nane wakigombana.

Ninao washikaji wanaofanya kazi kwenye ofisi za viyoyozi, na nikiwasikiliza naona ni kijiwe kilekile kimevaa tai. Malengo ya mwezi yameandikwa ubaoni kwa wino mwekundu, timu ni watu sita, lakini mmoja yuko likizo ya uzazi na mwingine anauguza mama yake, na ubao hauna habari. Watu wanne wanafanya kazi ya sita, kisha mwisho wa mwezi wanaitwa kuulizwa kwa nini hawajitumi. Ukitaka kujua mpango kama ni wa kweli, usiangalie lengo. Angalia kama kuna mtu ndani yake anaruhusiwa kuumwa.

Wenzetu wa daladala wamelijua hili zamani. Pale kituoni kuna deiwaka, dereva asiye na gari lake, anasubiri mwenzake achoke au akale ampokee trip mbili tatu. Hakuna anayemwona yule dereva aliyeshuka kuwa ni mvivu. Gari linaendelea, hesabu ya bosi inapatikana, na deiwaka naye anaondoka na cha kununulia unga.

Suala la kutosheka nalo lina maneno mengi. Wapo mabosi wanaohubiri kutosheka siku ya mshahara tu, siku ya malengo hawalijui neno hilo. Hao mimi siwataki. Mzee wetu anapenda hela kuliko nyinyi nyote mnaosoma hapa; bei ya kukata jora zima akikutajia unaweza kukaa chini. Ila yeye kutosheka anakuhesabu kwa vidole. Anajua mikono iliyopo, anajua umeme uliopo, anajua nyumba zetu zina nini, halafu anaandika namba na kuisimamia mbele ya mteja mwenye pesa mkononi. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kujumlisha hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Nisiwadanganye kwamba wale wa mlango wa tatu waliadhirika. Walikodi jenereta, walikesha, na saa tisa usiku mmoja wao sindano ilimpita kidoleni akafungwa kitambaa akaendelea. Nyingine walizikabidhi shule zimeshafunguliwa, mwenye duka akawakata hela, lakini pamoja na makato walipata mshiko kuliko sisi. Januari dogo alipita mbele yetu na simu mpya, akaiweka mezani makusudi ili tuione. Tuliiona. Ilikuwa simu nzuri. Alikuwa amekonda, lakini vijana wa siku hizi wote wamekonda, siwezi kuweka ushahidi hapo.

Sisi pea 200 tulizimaliza Ijumaa tarehe 29 usiku, kwenye chumba cha dunia imebaki nusu siku. Mzee alitaka kuitumia kulala. Mama wa Buguruni akapika pilau Jumamosi, tukala palepale uchochoroni juu ya meza ya kukatia, na yule mtoto alikuja na mama yake, kofia ya sufu kichwani jua linawaka, chupa ya maji mkononi maana ameambiwa anywe maji mengi. Akaniomba vifungo vilivyobaki, nikampa kiganja kizima.

Dogo tunaongea vizuri siku hizi. Ana cherehani yake mwenyewe, na ya pili analipia kidogokidogo. Juzi mwenye duka karudi kwetu, safari hii anataka 300. Mzee kaniita nichore daftari. Siku za kazi nikaandika, sikukuu nikaandika, nikafika chumba cha tatu nikaandika nne kama kawaida. Akasema, "Andika sita." Nikamuuliza hizo mbili za nini, maana watu wote wazima, na mtoto wa dada hajashikwa tangu mfungo uliopita.

Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha tetroni. "Za kwangu," akasema. "Nina mtoto wa jicho. Wamenipa tarehe ya kulitoa." Kisha akaniambia nimpigie simu dogo, nimuulize siku hizo mbili anaweza kuja kukata.