Mzee huyu ana jina

Wadau, niko Tabora. Kwenye begi nimebeba nakala ya picha aliyoichora Irma Stern Zanzibar mwaka 1945. Aliiita "Arab Priest". Mwaka 2011 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Stern, mzaliwa wa Afrika Kusini, alisomea uchoraji Ujerumani, enzi ambazo wachoraji walitaka rangi iseme hisia kwanza, kufanana na mtu baadaye. Ndiyo maana rangi zake ni nzito na brashi inaonekana ilivyopita kwa haraka. Hata fremu ni mbao za nakshi za Zanzibar. Mimi katika uso ule niliona huzuni, nikaanza kuipanga makala kichwani.

Jana jioni, kwenye kahawa pale Gongoni, nilimwonyesha mzee mmoja. Babu yake alitoka Oman, akaja na misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji.

"Shikamoo babu. Unaona nini hapa?"

"Marahaba." Akavaa miwani, akatazama weee. "Naona mtu aliyekalishwa muda mrefu. Nani huyu?"

Nikamtafsiria: kasisi wa Kiarabu. Akacheka. "Waislamu tuna kasisi, mjukuu wangu? Huyu ana jina lake."

Sikuwa na jibu.

Leo asubuhi nikaenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Yeye jina lake linajulikana dunia nzima. Je, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, unaweza kuwataja wangapi? Chuma na Susi tunawakumbuka kwa sababu walibeba maiti ya Mzungu.

Hapo nikaikumbuka dhambi yangu. Miaka miwili iliyopita nilimpiga picha mama mmoja stesheni akisubiri treni. Chini yake nikaandika: "Abiria akiwa katika lindi la mawazo." Ikatoka gazetini. Sikumuuliza jina, wala kama ana mawazo. Labda alikuwa na usingizi tu. Sasa nitampata wapi nimuulize?

Mchana nimerudi Gongoni, nikamwomba yule babu nimpige picha. Akakubali. Jina lake nimeliandika kwenye daftari. Hapa silitaji kwa sababu ameniomba nisilitaje. Safari hii nikamuuliza pia anajisikiaje.

"Njaa," akasema.