Ardhi Inayochelewa Kufika

Fremu 20 kwa sekunde zilitutosha. Nawaambia hivi vijana wanaonitembelea na kukuta ndege imesimama kwenye kioo, nao huniangalia kwa huruma, maana wamekulia kwenye michezo inayokwenda fremu 60 na zaidi. Lakini enzi za programu ya urubani ya Flight Simulator 2004, iliyotoka mwaka 2003 kwenye CD 4, anayepata 20 zisizoyumba alikuwa mtu wa kuulizwa siri yake. Ndege iliitikia mkono, sindano za vipimo zilizunguka bila kurukaruka, na kwa nusu saa hukuwa sebuleni tena.

Iliyokuwa ya uongo ni ardhi. Programu ilikuwa na vipande vichache vya picha za mashamba, misitu na miji, ikavipanga na kuvirudia dunia nzima, hivyo nje ya Morogoro uliona mashamba yale yale uliyoyaacha bara jingine. Bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja ilikuwa buluu tupu kutoka pwani hadi pwani. Kilimanjaro ilikuwepo, lakini kilele chake cha Mawenzi kilikuwa kimelainika kama kichuguu kilichonyeshewa. Mimi niliyewahi kuuona mlima ule kutoka Moshi asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, sikuweza kuridhika.

Kwa hiyo tulipoanza kupata picha halisi za angani za kutandika juu ya ardhi, nilizitaka kwa moyo wote. Flight Simulator X ilitoka Oktoba 2006, nayo ndiyo iliyonifundisha kwamba uhalisi una bei na bei hiyo hulipwa kwa muda. Ilijengwa wakati wengi wakiamini kiini kimoja cha prosesa kitaendelea kuongezeka kasi mwaka hadi mwaka. Viwanda vikaenda njia nyingine, vikaleta prosesa zenye viini viwili, kisha vinne, huku programu ikiendelea kubebesha kimoja karibu mzigo wote. Marekebisho ya 2007 yaligawa sehemu ya kazi ya kupakia ardhi kwa viini vingine, na nafuu ilionekana siku hiyo hiyo.

Niseme kinachotokea ndani, kwa sababu ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Fremu 20 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 50 za kutayarishwa. Katika muda huo kompyuta inapiga hesabu za ndege, inachora chumba cha rubani, nyumba, miti na mawingu, na wakati huo huo inaleta kutoka kwenye diski picha za ardhi iliyo mbele. Ukiiacha ikimbize fremu nyingi kadiri iwezavyo, itatumia kila upenyo kuchora, na ardhi itakosa nafasi ya kupakiwa. Unaruka juu ya ukungu wa rangi ya kijani na kahawia. Vijiji vinajitokeza ukiwa umeshavipita. Dawa iliyofanya kazi ilishangaza wengi: unafunga fremu kwenye 20 au 25, unaacha nguvu iliyobaki iende kwenye ardhi. Palikuwa pia na mstari kwenye faili la mipangilio uliotenga sehemu ya muda wa kila fremu kwa ajili ya kupakia, kwa kawaida theluthi moja, na wapo waliokesha wakiupandisha na kuushusha.

Jambo jingine ambalo mgeni hakulitarajia ni kwamba picha halisi ya ardhi, peke yake, haikuwa mzigo mkubwa kwa fremu. Ni karatasi iliyotandikwa. Mzigo ni vitu vinavyosimama juu yake, yaani maelfu ya nyumba na miti. Katika Flight Simulator X ukitandika picha halisi, nyumba na miti ya kawaida huondoka, na fremu hupanda. Ukiwa juu, futi elfu nane hivi, ni uzuri mtupu. Ukishuka kutua unagundua mji umelala chini kama zulia, mabati yamechorwa usawa wa barabara. Vivuli vya nyumba vimeganda saa ile ile ndege ya mpiga picha au satelaiti ilipopita, hata kama kwako ni jioni. Usiku ukiingia mji mzima unakuwa giza, isipokuwa kama mtengenezaji amekaa akachora na taa.

Hata hivyo sikurudi nyuma. Sababu ni bahari. Mara ya kwanza nilipovuka kwenda Unguja juu ya picha halisi, niliyaona mafungu ya mchanga yakigeuza maji kuwa kijani, niliona visiwa vya Changuu na Bawe mahali pake, na mwamba unaozunguka kisiwa cha Mnemba ukiwa mweupe pembeni. Anayejua maji yale alijua pale ni wapi bila kuangalia kifaa chochote. Hiyo ndiyo thamani ya picha halisi kwangu: unaweza kujielekeza kwa macho, kama rubani wa ndege ndogo anavyofanya, kwa mto, reli na ncha ya ardhi.

Baadaye nilihamia X-Plane, programu nyingine ya urubani. Toleo la 10, la mwaka 2011, lilichukua barabara zake kutoka ramani ya OpenStreetMap, na ghafla Barabara ya Morogoro ilikuwa barabara kweli, yenye magari. Programu ya bure iitwayo Ortho4XP ilituwezesha kujitengenezea vipande vya ardhi vya digrii moja kwa digrii moja, kwa ubora tunaouchagua. Hapa kwetu karibu na ikweta, kiwango cha ukuzaji cha 16 kinaipa kila nukta ya picha takriban mita 2.4 za ardhi. Cha 17, mita 1.2. Kila ukipanda kiwango kimoja, data huongezeka mara nne. Mizani kati ya uhalisi na kasi ikatoka kwenye prosesa ikaenda kwenye diski na kumbukumbu ya kadi ya picha. Nilichofanya ni kuipa Kilimanjaro, Unguja na viunga vya viwanja vya ndege kiwango cha juu, na nyika ya katikati nikaiacha na cha chini. Mlima wenyewe ulipata meno yake: vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kila mita 30, vilivyokusanywa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, viliachiwa kwa umma kuanzia mwaka 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kufunguliwa.

Halafu, Agosti 18, 2020, ikaja Microsoft Flight Simulator mpya, kazi ya Asobo Studio ya Bordeaux, na hesabu zote zikabadilika. Dunia nzima, zaidi ya petabaiti 2, ilikaa kwenye seva na kuletwa kwa intaneti wakati unaruka. Kampuni ya Austria, Blackshark.ai, ilifundisha kompyuta kutambua mapaa kwenye picha za satelaiti na kuyainulia nyumba. Kwa mara ya kwanza niliona Kariakoo ya Dar es Salaam imesimama. Si jengo kwa jengo, lakini msongamano wake, ule mpangilio wa mitaa ya mraba, upo.

Na kwetu mizani ikapata upande mpya: bando. Mapendekezo yalitaka megabiti 20 kwa sekunde; za chini kabisa 5. Intaneti ikilegea, ardhi inarudi kuwa ukungu ule ule wa 2006, ingawa kadi yako ni ya kisasa. Nashukuru waliweka uwezo wa kupakua eneo mapema na kulihifadhi kwenye diski. Nilikuwa napakua usiku, kwa kifurushi cha usiku, kutoka Tanga hadi delta ya Rufiji, kisha mchana naruka bila wasiwasi.

Njia ninayoitumia kupima mipangilio yangu hadi leo ni ile ya kutua Dar es Salaam ukitokea baharini kuelekea kusini magharibi. Unaingia juu ya Kivukoni, unapita Kariakoo na Buguruni, na nyumba zinajaa kioo chote wakati huo huo unapohitaji picha laini kuliko wakati mwingine wowote. Ndege ya abiria inayokaribia kwa kilomita 260 kwa saa husafiri mita 72 kila sekunde. Picha ikiganda nusu sekunde, umekwenda mita 36 bila macho. Ndiyo maana siamini wastani. Fremu 50 zinazoganda hapa na pale ni mbaya kuliko 30 ambazo kila moja inafika baada ya milisekunde 33 bila kuchelewa. Kadi mpya zinazobuni fremu za katikati hulainisha macho, lakini mkono bado unasubiri fremu ya kweli, na kwenye kutua mkono ndio wenye neno.

Watumiaji wenyewe waliandika programu ndogo zinazopunguza umbali wa kuchora nyumba kadiri ndege inavyoshuka na kuuongeza inapopanda, na toleo la 2024 limekuja na mpangilio wake wa aina hiyo. Ninautumia. Nimefunga fremu 30, ninaacha Buguruni ipungue kidogo pembeni, na nikiwa juu ya mkondo wa Zanzibar narudisha kila kitu hadi mwisho, kwa sababu mafungu yale lazima yaonekane yote.