Waya Haulali

Mbagala, Temeke

Mpwa wangu,

Goti la mama yako bado linasumbua, ila juzi kaenda sokoni mwenyewe.

Nimeshika kalamu kwa neno nililolisikia pale Rangi Tatu, kwenye mabasi ya Rufiji. Utingo mmoja wa kwetu kaniambia kwamba huko Mloka mnachoma matairi makuukuu usiku mkatoa nyaya za kutegea, na nyama inaingia Mbagala ndani ya magunia ya mkaa. Uliondoka bila kuniaga, hilo nimelimeza. La nyaya limenikwama.

Nilikuwa na miaka 15 nilipochomoa waya wa breki ya baiskeli ya babu yako nikatega funo. Homa ikanilaza siku tatu. Siku ya nne mzee akanishika mkono, tukaenda. Tulimkuta jike. Waya umemla mguu hadi mfupani, ardhi kaichimba duara kwa kwato, siafu wameshafika machoni. Chuchu zimejaa maziwa. Mzee hakunipiga. Alisema, "Huyu hukumwinda. Umemwacha afe peke yake." Tukamzika, kwani asiyechinjwa ni kibudu.

Baada ya hapo, msimu mzima sikushika kitu ila kibuyu cha maji. Nilimfuata nyuma na gobore lake la kibali, nikijifunza upepo, nyayo, jike na dume. Mara ngapi alimlenga mnyama kisha akashusha gobore, kwa kuwa ana mtoto! Tulirudi tukala mchicha, wala hakuona haya.

Sasa nijibu: waya unamjua jike mwenye mimba? Unajua msimu umefungwa? Wewe umelala, wenyewe unaua. Na mama wa Mbagala anayenunua kipande gizani unamlisha kibudu, yeye na wanawe.

Serikali nayo ina Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na tangu 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo hata mwenye leseni hawindi. Lakini hata jela isingekuwepo, barua hii ningeiandika.

Ukitaka kazi ya porini, waulize wakubwa wa kijiji habari za askari wa wanyamapori. Macho ya babu yako unayo.

Kosa jingine ni langu. Mzee alinipa msimu mzima. Mimi nilikupa hadithi tu, barazani, juu ya kahawa. Utingo aliyenipa habari zako ndiye mleta barua. Ijumaa ijayo baada ya swala napanda basi. Nisubiri kituoni na koleo. Ulikotega unakujua, hatutoki porini mpaka waya wa mwisho utoke.

Ni mimi,
Mjomba wako